Ukuta wa bahari unaanza kuanguka kwa nyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua nimeandika ndefu, kama itabidi uikate basi kata popote utakapoona panafaa ila ile sehemu ya kifusi iache kama ilivyo, manake hiyo ndo iliyonifanya nishike simu nianze kuandika.

Mimi ni fundi zege. Nimemwaga paneli za zege na kuzipanga miaka mingi, nusu ya maisha barabarani nusu ufukweni, sasa hivi nimepumzika nipo nyumbani Pangani. Kila kusi ikianza kuvuma watu wanaanza tena habari ya kujengewa ukuta, wavuvi wanataka kizuia mawimbi ili vyombo vipate pa kujificha, wenye nyumba karibu na maji wanataka ukingo, viongozi wakija wanaahidi, na mimi naunga mkono kabisa kwasababu nimeona kwa macho yangu mashua imetia nanga salama jioni alafu asubuhi mwenyewe anaokota mbao. Diko, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, likiwa halina kinga siku za kusi ni hasara tupu, mvuvi anarudi na samaki wazuri anashindwa kuwashusha, anasubiri maji, barafu inayeyuka, bei inaanguka, na wachuuzi kina mama wamekaa na mabeseni tangu alfajiri.

Sasa siku hizi nasikia hoja kwamba tuachane na mawe, tujenge vizuia mawimbi kwa udongo ulioimarishwa na paneli za prikasti, yaani zege linalomwagwa pembeni likishakauka ndo linaletwa kupangwa, kama zile kuta za kwenye njia za kupandia madaraja ya juu mijini, zile za vibao vya zege vilivyoshikana kama vigae. Wanasema ni haraka na bei nafuu. Hoja hiyo ni nzuri na mimi naitetea, ila kila anayeiongelea anaongelea paneli tu kwasababu paneli ndo inayoonekana kwenye picha. Ukuta wa namna ile paneli siyo iliyobeba mzigo. Mzigo umebebwa na kifusi, ile kokoto na mchanga unaojazwa nyuma ya paneli, ambacho hakuna anayekipiga picha.

Nianze na mawe kwanza ili tuelewane. Kizuia mawimbi cha kizamani ni rundo la mawe, unamwaga baharini mpaka yatokeze juu, unavisha makubwa kwa nje. Waingereza pale Plymouth walianza kumwaga mwaka 1812 wakamaliza 1841, miaka 29, na mawe yaliyozama pale ni mamilioni ya tani. Njia hiyo ni imara sana na mpaka leo ndo inayotumika zaidi duniani, lakini inataka uwe na jiwe zuri karibu na uwe nalo kwa wingi. Jiwe tulilonalo karibu huku pwani ni la matumbawe ya kale, lina matundu matundu na ni jepesi. Wepesi wa jiwe siyo jambo dogo baharini, kuna hesabu mainjinia wanaitumia tangu miaka ya 1950 inaitwa ya Hudson, hiyo inasema uzito wa jiwe la nje unapanda kwa kipeo cha tatu cha urefu wa wimbi, yaani wimbi likiwa refu mara 2 jiwe linatakiwa liwe zito mara 8. Nimeifanya mwenyewe kwa mteremko wa 1 kwa 2, yaani kila mita 1 ya kimo inakwenda mita 2 pembeni: wimbi la mita 1 jiwe gumu la aina ya graniti linatakiwa kama kilo 170 hivi, wimbi la mita 2 linatakiwa kama tani 1.4. Alafu nikaweka jiwe letu jepesi la matumbawe kwa wimbi hilohilo la mita 2, ikaja karibu tani 3! Sababu ni kwamba jiwe likiwa majini linapungukiwa uzito, na jepesi linapungukiwa zaidi kuliko zito, kwahiyo mnaishia kutafuta mapande makubwa ambayo mwamba wa matumbawe wenyewe hauwezi kuyatoa bila kupasuka, na mkienda kuchimba miamba iliyo hai baharini hapo ndo mmejimaliza kabisa kwasababu huo mwamba ndo kizuia mawimbi cha kwanza mlichopewa na Mungu.

Basi jiwe gumu litoke bara kwa malori. Hapo ndo udongo ulioimarishwa unapoingia.

Wazo lenyewe ni la Mfaransa mmoja anaitwa Henri Vidal, aliliandikisha mwaka 1963, na ukuta wa kwanza ulijengwa Pragnères kwenye milima ya Pyrenees mwaka 1965. Inasimuliwa kwamba alikuwa ufukweni anachezea mchanga akaona akichanganya na sindano za misonobari rundo linasimama wima zaidi. Sisi hatuna misonobari ufukweni ila mtoto yeyote wa pwani anaweza kulijaribu kwa kuti. Mwaga mchanga mkavu, utatanuka ukae na mteremko wake, huwezi kuulazimisha usimame. Sasa weka tabaka la mchanga, laza vipande vya kuti, weka tabaka jingine, laza tena, shindilia, utaona ukingo wake unasimama. Mchanga unataka kukimbia pembeni, kuti linasuguana na mchanga linaukatalia. Ni msuguano tu, hakuna gundi hakuna saruji. Na wala Vidal hakuwa wa kwanza duniani kulijua hilo, kule Iraq kuna mnara wa kale Aqar Quf wa zaidi ya miaka 3,000 umejengwa kwa matofali ya udongo na kila matabaka kadhaa wamelaza mikeka ya matete, na kiini chake bado kimesimama.

Kwenye ujenzi wa kisasa badala ya kuti ni mikanda, ama ya chuma kilichopakwa zinki yenye upana wa sentimita 4 mpaka 6 na unene wa milimita 4 au 5, ama ya nyuzi za poliesta zilizovishwa plastiki. Mkanda unafungwa nyuma ya paneli, unalazwa ndani ya kifusi, urefu wake kwa kawaida siyo chini ya asilimia 70 ya kimo cha ukuta, alafu unafunikwa unashindiliwa, unapanda tabaka kwa tabaka. Paneli inazuia tu mchanga wa mbele usimwagike. Ndo maana inaweza kuwa nyembamba, sentimita 14 tu, na paneli ya mita 1.5 kwa 1.5 inakuja na uzito wa kilo 750 hivi ambao hata ekskaveta ndogo ya kuchimbia inaunyanyua, huhitaji winchi la bandarini. Vijana wa hapohapo kijijini mkiwafundisha vizuri wiki mbili wanamwaga paneli uwanjani kwenye kalibu za chuma, nimewafundisha wengi na wengine leo ni mafomeni.

Na hesabu yake inapendeza. Chukua kizuia mawimbi chenye kimo cha mita 6 na njia ya juu ya mita 5. Kwa mawe pande zote mbili zinateremka 1 kwa 1.5, ukikikata kama mkate, uso wa mkato unapata mita za mraba 84. Ukifanya upande wa ndani wa bandari usimame wima kwa paneli na kifusi kilichoimarishwa, upande wa nje ubaki na mteremko wake wa mawe, unabaki na 57. Kwa kila mita 100 umeokoa mita za ujazo 2,700, hayo ni matipa 180 ya mita za ujazo 15 ambayo hayakupita kuharibu barabara ya kijiji. Alafu upande ule wa wima ni gati tayari, boti inakuja inafunga ubavuni, kina mama wanashusha beseni bila kulowa kifuani. Kwa diko dogo hilo ni jambo kubwa mno.

Umeona nimesema upande wa ndani. Nasisitiza hapo kwasababu nimeshaona michoro ya watu wanataka paneli wima pande zote mbili, ati kizuia mawimbi kiwe chembamba kama ukuta wa shule. Wimbi la bahari kuu likigonga ukuta wima halivunjiki, linarudishwa lote, linakutana na linalokuja nyuma yake, maji pale mbele ya ukuta yanapanda karibu mara 2 ya wimbi lenyewe na chini yanachimba mchanga kwenye mguu wa ukuta. Nje wekeni mawe au zile pingili za zege zenye miguu. Tetrapodi ilianza Casablanca kule Morocco mwaka 1950, dolosi ikatoka East London Afrika Kusini miaka ya 1960, zote ni prikasti na zote kazi yake ni kulivunjavunja wimbi lipite kwenye matundu liishiwe nguvu. Na hata hizo zina mwisho wake, pale Sines nchini Ureno Februari 1978 dhoruba ilivunja dolosi za tani 42 kila moja zege lisilo na nondo, kizuia mawimbi kilikuwa kinakaribia kukamilika. Kwahiyo mtu asije akawaambia kwamba zege likiwa kubwa basi bahari itaogopa.

Sasa kifusi.

Miaka kumi na kitu iliyopita nilikuwa fomeni wa paneli kwenye diko moja la wavuvi, silitaji na kampuni siitaji. Mchoro ulikuwa mzuri, naweza kusema hata leo ulikuwa mzuri. Mguu wa mawe umepanda mpaka juu ya maji kupwa, juu yake paneli, nyuma kifusi cha kokoto na mchanga mkubwa, na kwenye kila ungio la paneli kwa nyuma kitambaa kile cha kuchuja wanaita jiotekstaili, kinapitisha maji kinazuia mchanga. Tulipanga kazi kwa kufuata mwezi wa angani, manake huku bahari inapwa na kujaa kwa tofauti ya mita 3 na zaidi siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, siku hizo maji yanapwa sana unapata saa chache za kufanya kazi mguuni kwenye ukavu, siku za maji mafu unafanya kazi za juu. Tulikwenda vizuri kabisa wiki za mwanzo.

Alafu kokoto ikaisha. Machimbo yalikuwa mbali, mvua imeharibu barabara, malori hayaji, na kilima cha udongo mwekundu kipo hapohapo karibu. Wakaanza kuleta ule mwekundu. Nikasema jamani huu una mfinyanzi, nikaambiwa fundi wewe kazi yako paneli, kifusi kina mtu wake. Kitambaa nacho kikaisha, wakaweka kwenye baadhi ya maungio, kwengine wakaacha wakasema paneli zimebanana vizuri. Hazikubanana na wala hazitakiwi kubanana, zile nafasi zimeachwa makusudi ukuta uweze kujongea ardhi ikitulia, ndani yake kunakaa vipande vya raba. Ndo uzuri wa ukuta wa aina hii kwenye matope ya mlango wa mto, unajikunja kidogo haupasuki.

Siku moja mzee mmoja nahodha alikuja akakaa kwenye kivuli cha paneli zilizopangwa, akaangalia sana, akaniuliza.

"Mwanangu, maji yakijaa yanaingia humo ndani?"

"Ndiyo mzee, yanaingia."

"Na yakipwa?"

"Yanatoka."

"Sasa yakitoka, yanatoka peke yake?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kuna kitambaa mzee. Akanyamaza, akanyanyuka akaenda zake, na mimi nilijua kwamba kuna maungio hayana kitambaa na sikusema, hilo linanikaa moyoni mpaka leo.

Kusi ya kwanza ikaja. Kila maji yakipwa unaona michirizi myekundu inatoka kwenye maungio inashuka kwenye paneli kama mtu anatokwa damu puani. Kila siku mara mbili. Watu wakasema ni uchafu tu utaisha. Baada ya miezi michache juu kukaanza kubonyea, vishimo vidogo, mkokoteni wa barafu ukazama gurudumu, wakafukia kwa udongo uleule mwekundu. Bamvua ya mwaka wa pili paneli tatu zikainama mbele. Mikanda haikukatika hata mmoja, mimi nilikwenda kuangalia, mikanda ilikuwa mizima kabisa inaning'inia kwenye uwazi, kwasababu kilichokuwa kinaishika hakipo tena, kimekwenda baharini. Leo lile gati wanaanikia dagaa upande mmoja na upande mwingine wamezuia kwa magogo watoto wasipite.

Ndo maana nasema anguko linaanzia nyuma. Watu wakiona paneli imelala wanasema wimbi limeangusha ukuta, lakini wimbi lile ukuta ulilibeba vizuri tu. Udongo wenye mfinyanzi una makosa mawili kwa pamoja. La kwanza hauna msuguano na mkanda ukishalowa, ni kama mkanda umeshika tope. La pili haupitishi maji, kwahiyo bahari ikipwa haraka nje kumekuwa kukavu na ndani bado kumejaa maji mpaka juu, hayo maji yanasukuma paneli kwa nguvu ambayo barabarani haipo kabisa, na kila mita ya ziada ya maji yaliyobaki ndani inaongeza msukumo. Ukuta wa barabara mvua ikinyesha unalowa mara chache kwa mwaka. Wa bahari unalowa na kukauka mara mbili kila siku, zaidi ya mara 700 kwa mwaka! Huwezi kuchukua kanuni ya ukuta wa barabara ukaipeleka kwenye chumvi bila kubadilisha kitu. Barabarani wanaruhusu vumbi laini mpaka asilimia 15 ya kifusi, mimi kwa sehemu inayoguswa na maji ya bahari nisingekubali kuzidi 5, na ningependa iwe kokoto safi kabisa, jiwe la kusaga, hata lile la matumbawe magumu likisagwa vizuri linafaa ndani kuliko udongo mwekundu. Ndani halihitaji kuwa zito. Linahitaji kuwa safi.

Na kushindilia wajameni. Rola kubwa lisikaribie paneli, mita 1 na nusu ya mwisho unatumia kompakta ya mkono, ukilazimisha rola paneli zinatoka mstarini. Vilevile chini ya maji huwezi kushindilia, ndo sababu ya ule mguu wa mawe, unamwaga mawe mpaka umetoka juu ya maji kupwa ndo unaanza kulaza mikanda. Anayewaambia ataanza kulaza mikanda chini kabisa ndani ya maji kama anavyofanya barabarani, muulizeni atashindilia na nini.

Kuhusu chuma, chumvi inakula zinki kisha inakula chuma, kwahiyo ama uweke mkanda mnene zaidi wenye unene wa kuliwa kwa miaka yote ya mradi, ama utumie ile ya poliesta ambayo haishiki kutu kabisa. Kwa diko la bahari mimi nachagua poliesta. Ila isikae juani uwanjani miezi, jua letu linaichosha, ifunikwe.

Zege lenyewe sitasema mengi manake hili kila fundi analijua hata kama halifuati. Msichanganye na maji ya bahari. Msichote mchanga wa ufukweni wenye chumvi. Nyumba ngapi pwani nguzo zimepasuka nondo zimefura kutu kwasababu mwenye nyumba alichota mchanga mbele ya mlango wake. Paneli ya bahari nondo zake zikae ndani si chini ya sentimita 5, maji yawe machache kwenye mchanganyiko, saruji yenye pozolana, yaani unga wa aina ya jivu la volkano, ni nzuri zaidi kwa chumvi, Warumi walikuwa wanachukua jivu la volkano la huko Napoli wanajengea bandari mpaka pwani ya Palestina na vipande vyake vipo leo baharini. Na mumwagilie paneli maji baridi yasiyo na chumvi siku zote zinazotakiwa, siyo siku mbili mtu anasema imekauka. Faida kubwa ya prikasti ni hiyo, unamwaga kwenye kivuli, unakagua, mbovu unaitupa kabla haijafika baharini. Wakati wa vita ya pili ya dunia mwaka 1944 Waingereza walimwaga maboksi makubwa ya zege mengine ya tani 6,000 kwao, wakayavuta baharini mpaka Normandy wakayazamisha kutengeneza bandari, mabaki yapo Arromanches mpaka leo. Ile ya pili waliyowekewa Wamarekani dhoruba ya Juni iliivunja ndani ya siku chache tu.

Jambo moja nje ya ukuta lakini nisiposema nitakuwa sijasema kitu. Mchanga wa pwani unatembea. Wakati wa kusi unasukumwa kwenda kaskazini, kaskazi ikija unarudi kiasi. Ukiweka kizuia mawimbi katikati ya njia yake upande mmoja utajaa mchanga na upande wa pili utaliwa. Wakazi wa Kunduchi wanajua jinsi ufukwe unavyoondoka miaka nenda rudi. Na sisi wa Pangani tuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na miti yake na kasa wanakuja kutaga, kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti imekwisha, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Hakuna aliyejenga ukuta Maziwe, na bado kisiwa kililiwa. Kwahiyo kabla ya kujenga diko lolote watu wakae wapime mchanga unatoka wapi unakwenda wapi, angalau misimu miwili, kusi na kaskazi, na wawaulize manahodha wazee kwasababu wanajua fungu lilikuwa wapi walipokuwa watoto. Wakati mwingine jibu litakuwa msijenge hapa, jengeni kule nyuma ya mwamba, au acheni mikoko irudi, na jibu hilo nalo ni la kiinjinia.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo na halina gharama. Kwenye lile bango la mradi mnaloandika jina la mkandarasi na kiasi cha fedha, andikeni pia kifusi gani kimepangwa na kinatoka machimbo gani. Basi. Alafu kamati ya BMU, ile ya wavuvi wanaosimamia diko lao, wapewe haki ya kukataa tipa. Siyo lazima wawe na maabara, maabara iwepo lakini iwe ya pili. Wawe na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Unaweka kifusi robo chupa, unajaza maji, unatikisa, unaweka chini unahesabu. Mchanga mzuri unatua ndani ya dakika moja na maji yanaanza kuonekana. Mfinyanzi utakaa unaning'inia humo masaa. Kina mama wa dagaa wanaweza kulifanya hilo, watoto wa shule wanaweza, na dereva wa tipa akijua kuna chupa inamsubiri atapakia kingine huko machimboni.

Mimi chupa yangu ninayo. Siku nilipokwenda kuangalia zile paneli tatu nilichota kifusi kwa mkono kutoka nyuma ya mkanda nikakitia kwenye chupa, nimeiweka dirishani nyumbani. Nikiitikisa asubuhi, jioni bado ni nyekundu. Injinia yeyote au mkandarasi anayekuja kujenga huku pwani namkaribisha aje aione kabla hajaagiza tipa la kwanza, aulize tu kwa yule fundi zege mzee karibu na kivuko, ataelekezwa.

Fundi zege mstaafu,
Pangani, Tanga.